Kiti cha Baba Hakikupimwa kwa Kamba

Nakumbuka siku moja ya ukungu, kule kwetu Mgange milimani, nilipoingia chumbani kwa baba yangu na kipande cha kamba ya katani mkononi, nikitaka kumpima ili nimtengenezee kiti. Aliitazama ile kamba. Kisha akageuka akaelekea ukutani, na hakusema nami tena mpaka kesho yake. Mjukuu wangu, kaa vizuri nikueleze kwa nini, maana Jumapili ulipokuja hapa kwangu Voi na tepu yako ya kupimia, ukaivuta mbele ya magoti yangu, nilikwambia tunywe chai kwanza. Ukanuna. Usidhani sikukuona. Macho yangu yamechoka kusoma, lakini mtu akinuna nayaona mashavu yake vizuri sana.

Najua nia yako ni njema. Umeona nyanya yako anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa pale nje ya jiko, ukaona haya, ukatafuta kwenye simu picha ya kiti cha mbao cha kukaa uani, chenye mgongo uliolala na mikono mipana, na mbao umeshanunua. Mimi pia nia yangu ilikuwa njema siku ile. Lakini nia haina macho, mwanangu. Lazima uiazime yako.

Baba yangu, Mzee Mwadime, alikuwa fundi wa mbao. Hakuwa na duka wala kibao cha rangi. Alikuwa na banda la mabati nyuma ya nyumba, msumeno, randa, patasi na subira. Vitanda vya maharusi alitengeneza yeye, milango, mabenchi ya kanisa, mizinga ya nyuki. Na majeneza. Mtu akifariki kijijini, kabla hata sufuria za matanga hazijawekwa motoni, baba alikuwa ameshaitwa. Alikwenda na kamba ya katani, ya huo mkonge unaolimwa kule chini Mwatate, akampima marehemu toka utosini hadi nyayoni, akapiga fundo. Akampima mabega, akapiga fundo la pili. Akarudi bandani kimya. Jeneza likiisha, ile kamba aliiweka ndani, chini ya miguu ya marehemu, ikazikwa naye. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kwa nini tusiifungie mbuzi, kamba yenyewe bado nzima. Akasema, "Hiyo imeshamaliza kazi." 

Mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia mbao. Kaka yangu alikuwa ameenda Mombasa kutafuta kazi, dada zangu wameolewa, na mimi kitindamimba nikabaki na vumbi la randa kwenye nywele. Watu wakasema huyu msichana wa Mwadime atakosa mume. Mume nilipata, kama unavyojua, la sivyo usingekuwapo hapa kuninunia.

Basi mwaka mmoja wa mvua nyingi, baba aliteleza kwenye tuta la shamba akaangukia nyonga. Hospitalini walimtengeneza walivyoweza, akarudi na fimbo na mguu wa kulia usiokunjika sawasawa. Zamani alikuwa na mahali pake: jiwe kubwa ukingoni mwa uwanja, juu ya njia inayoteremka kwenda sokoni. Kila apitaye alimsalimu. Ukikaa pale na ukungu ukifunguka, unaiona nyika yote chini, nyekundu, na mistari ya mkonge hadi macho yachoke. Baada ya kuanguka, jiwe lile likawa chini mno kwake. Akikaa, hawezi kuinuka mpaka avutwe na watu wawili kama ng'ombe aliyekwama matopeni, na hilo alilichukia kuliko maumivu yenyewe. Kigoda ndio kabisa.

Akabaki chumbani. Mwanzoni watu waliingia kumjulia hali. Halafu wakapungua, kama ilivyo desturi ya watu, shamba halingoji. Tukimwambia atoke nje, alisema kuna baridi. Jua likiwaka, alisema kuna jua. Kaka akapata habari, akatuma kiti cha plastiki kwa basi, vilikuwa ndiyo kwanza vinaanza kuenea. Kilikuwa kizuri, cheupe, na tulifurahi. Lakini uwanja wetu si kama huu wa Voi. Kule nyumba zimeng'ang'ania mlima, na uwanja wenyewe unateremka kuelekea njiani. Tulimkalisha baba akiangalia bonde, kile kiti kikainamia mbele, miguu yake laini ikapanuka, na baba akaserereka hadi ukingoni. Kama si shangazi yangu Mkamburi kumkumbatia, angeanguka mara ya pili mbele ya watu waliokuwa wakitoka sokoni. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Akarudi ndani, akasema hatoki tena.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo lililonitia hofu. Darini juu ya jiko letu, palipopita moshi, kulikuwa na mbao za mvule. Baba alizinunua Taveta kidogo kidogo alipokuwa bado na nguvu, akazipanga kule juu zikauke, zikawa nyeusi kwa masizi. Kila mtu nyumbani alijua mbao zile ni za nini. Fundi hajitengenezei jeneza mwenyewe, lakini mbao anaweza kujiwekea. Hakuna aliyezigusa, hata mwaka mlango wetu ulipooza tukawa tunafungia gunia. Asubuhi moja baba akaniita, akanituma nipande darini nizipanguse, nitazame kama mchwa hawajaingia.

"Ziko sawa?" akaniuliza niliposhuka.

"Ziko sawa, baba."

"Vizuri," akasema, akajifunika blanketi.

Mwanangu, niliogopa. Baba hakuwa na ugonjwa wa kumuua. Lakini mtu akianza kuulizia mbao zake, ujue ameshaanza kuondoka, na nyonga ni kisingizio tu. Nilimpenda baba yangu sana, na sikuwa tayari. Nikasema nitamtengenezea kiti mimi, kiti cha mbao, kizito, cha kukaa uwanjani, kisichoserereka. Nitamtoa ndani kabla mbao zile hazijamtoa.

Ndipo nikachukua kamba. Nilikuwa nimeishika kamba ya kupimia miaka yote ile, na kwa haraka yangu sikufikiria kamba ni ya nani. Nikaingia, nikasimama kando ya kitanda chake, nikamwambia, "Baba, hebu nyooka kidogo nikupime."

Unaona sasa kwa nini aligeukia ukutani.

Mimi sikuona. Nilitoka nimekasirika, nikamkuta shangazi Mkamburi uwanjani anapepeta maharagwe. Huyu alikuwa dada mkubwa wa baba, mjane, mwenye nyumba yake hapo hapo bomani, mwanamke wa maneno machache na yote makavu. Nikamlalamikia kwamba baba hataki kusaidiwa.

"Ulimwambia nini?" akaniuliza.

"Nilimwambia anyooke nimpime."

"Umpime kwa kitu gani?"

"Kwa kamba."

Shangazi akaweka ungo chini. "Wewe msichana," akasema, "miaka yote hii unamshikia kaka yangu mbao. Ulishawahi kumwona akimpima kwa kamba mtu anayepumua?"

Nikafikiri. Sikuwahi.

"Na viti hajatengeneza?"

"Ametengeneza vingi."

"Alijuaje ukubwa wa mtu?"

 Nilichokuwa nakumbuka ni kwamba mtu akiagiza kiti, baba kwanza alikwenda kwake kunywa chai. Anakwenda, anakaa, wanaongea habari za mvua na za mbuzi, anarudi jioni bila kitu mkononi. Kesho yake anaanza kukata. Mimi nilidhani baba anapenda chai.

"Kumbe ulikuwa unashika mbao, huoni," shangazi akasema, na maneno hayo yaliniuma kwa sababu yalikuwa kweli. "Nenda ukakae na babako. Usibebe kitu."

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi niliambiwa. Nikaenda asubuhi yake nikakaa mkekani kando ya kitanda, mikono mitupu. Baba alikuwa bado ameuelekea ukuta. Mwishowe nikamwambia anisamehe kwa ile kamba.

"Kamba haina neno," akasema bila kugeuka. "Ni vile ulisema ninyooke."

Nikaanza kucheka, halafu nikaona kwamba yeye hacheki, halafu nikaona mabega yake yanatikisika. Alikuwa anacheka ukutani. Tangu hapo tukawa tunakaa pamoja kila asubuhi kabla sijaenda shambani, tukiongea habari za mvua na za mbuzi. Na mimi nikaanza kutazama.

Nikaona kwamba kitandani baba anaamka mwenyewe. Haombi mkono wa mtu. Anakaa ukingoni, mguu wa kulia ameunyoosha mbele, anaweka kiganja kwenye ubao wa kitanda na kingine kwenye kizingiti cha dirisha, anavuta pumzi, anasimama. Kitanda kile alikitengeneza mwenyewe zamani, kirefu kwenda juu ili masanduku ya nguo yaingie chini. Siku alipokwenda chooni nilikaa pale alipokaa yeye, nikaunyoosha mguu wangu kama wake, nikajaribu kuinuka. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilipoinuka nilielewa: kumbe miguu yake haikuwa imekufa, ni viti vyetu vilivyokuwa chini mno kwake, na hakuna aliyemuuliza. Pale alipoweza kuinuka mwenyewe, kipimo kilikuwa tayari. Nikakata kijiti cha urefu wa kitanda kile, na kingine cha kwenda juu toka kitandani hadi usawa wa kizingiti cha dirisha, nikavificha kwenye khanga.

Nikaona na mengine. Kikombe chake alikiweka kizingitini kila mara, upande wa kulia. Sikio lake zuri lilikuwa la kushoto, na hilo ndilo alilolielekeza njiani. Kila miguu ilipopita kule chini, alikatiza maneno akauliza, "Nani huyo amepita?" Nikisema ni fulani, anasema, "Aa," kisha anabaki ametega sikio lile njiani kabla hajarudi kwenye habari za mbuzi. Moyo uliniuma. Nilikuwa nimedhani amekata tamaa ya kukaa nje, kumbe alikuwa na kiu ya kusalimiwa.

Nikaanza kazi. Tulikuwa na mti wa grevilea karibu na choo, ulikuwa umekatwa juma lililopita na kupasuliwa mbao, nikasema huo utanitosha. Nikaweka kigogo cha kukatia chini ya dirisha la baba. Sisemi nilifanya makusudi, na sisemi sikufanya makusudi. Nikaanza kukata. Hazikupita dakika nyingi, sauti ikatoka dirishani.

"Unaulazimisha."

"Nini, baba?"

"Msumeno. Meno unayo wenyewe. Wewe kazi yako ni kuupeleka tu."

Nikaupeleka. Ukaenda vizuri zaidi. Halafu akauliza, "Huo ni mti gani?"

"Grevilea, ule wa karibu na choo."

"Ulikatwa juzi tu huo. Bado unalia maji. Hicho kiti kabla ya Krismasi kitakuwa kimejikunja kama paka."

Nikasimama na msumeno mkononi, kwa sababu mbao nyingine sikuwa nazo na alijua. Kule ndani kitanda kililia, nikajua ameketi.

"Panda darini," akasema.

"Baba, zile mbao..."

"Najua ni zipi."

"Lakini baba..."

"Ni mbao. Zimekauka. Zikae na moshi kwa nini, na mimi nakaa na ukuta?"

Shangazi alikuwa amesikia yote toka jikoni. Alikuja akashika ngazi, na nilipomteremshia ubao wa kwanza aliupokea kwa mikono miwili, akaulaza chini polepole. Nilimwona akipangusa macho kwa ncha ya leso. Alisema ni masizi, na mimi sikumbishia.

Mwanangu, mvule uliokaa moshini hauna haraka, na wewe pia haukupi ruhusa ya kuwa na haraka. Bandu bandu huisha gogo. Baba alifundisha toka dirishani na mimi nikafanya. Aliniagiza kwanza niende uwanjani, mahali pa jiwe, niweke ubao chini na juu yake bakuli lililojaa maji, nitazame maji yanaelekea wapi na kwa kiasi gani. Kutokana na bakuli lile tukajua miguu ya mbele izidi ya nyuma. Akataka mbao za kukalia ziachiane nafasi ili mvua ipite isilale. Akakataa misumari, akasema msumari huota kutu na kutu hula mti ukiwa umenyamaza. Kila ungio nikalichongea ulimi na tundu, nikapigilia vijiti. Mkono wa kulia nikaufanya mpana, wa kuweka kikombe. Yote miwili nikaitoa mbele kidogo, ili mtu apate pa kushika akiinuka. Urefu wa kukalia ni ule wa kijiti cha kwanza, wa mikono ni ule wa kijiti cha pili.

Kiti kilipokwisha kikasimama bandani, kwenye sakafu iliyonyooka, kilionekana kiroja. Kimeinua kifua, kimeangalia dari. Jirani mmoja alipita akacheka mpaka akashika mlango, akasema Mwadime amelea fundi wa viti vya walevi. Nilitamani kumrushia nyundo. Baba akaniambia nimwache, kwamba kiti hakikuchongewa bandani.

Kosa moja nilifanya na nitakwambia ucheke. Baba alisema miguu niipake oili chafu, ile ya gari iliyotumika, ili mchwa waikimbie. Miguu tu. Mimi nikaona kama ni nzuri kwa miguu, ni nzuri kwa mwili mzima. Nikapaka kiti chote kikang'aa. Sitakwambia suruali ya kanisani ya baba ilikuwaje Jumapili ya kwanza. Shangazi aliifua kwa majivu na kwa matusi, na ule weusi haukutoka hadi suruali ilipokufa.

Siku ya kukitoa, ukungu ulifunguka mchana. Tulikibeba mimi na shangazi hadi ukingoni, kando ya jiwe, upande wake wa kushoto ukielekea kule njia inakopanda toka sokoni. Pale kikasimama sawa, wima kama mtu aliyefika kwao. Baba akatoka na fimbo yake. Alikizunguka. Akapitisha kidole chini ya mkono wa kiti, mahali ambapo fundi mvivu hapigi randa, na nikashukuru Mungu kwamba nilikuwa nimepiga. Akageuka, akashika, akakaa.

Hakusema ni kizuri. Alijitikisa kidogo akasema, "Mguu wa nyuma una njaa." Nikautilia kijiwe bapa. Akajitikisa tena, akaegemea.

Tukamletea chai, akaiweka mkono wa kulia bila kutazama, kama mtu aliyekuwa akifanya hivyo kila siku. Kule chini mama mmoja alikuwa akipanda toka sokoni na kikapu kichwani. Akainua macho.

"Mwadime! Umetoka?"

"Nimetoka," baba akasema.

Niliingia bandani nikalia. Furaha nayo huliza, usione ajabu. Nilipokuwa nikipangusa uso, shangazi akaja kuniita, maana jambo lenyewe lilikuwa bado. Kukaa hata jiwe lilimkalisha. Je, angeinuka? Jua lilikuwa limeanza kushuka na njia ina watu. Baba akamwaga masalio ya chai, akanyoosha mguu wa kulia, akaweka viganja kwenye ile mikono. Mimi nikataka kukimbia nimshike. Shangazi akanikamata sketi kwa nyuma, akanikaza pale pale, sijui nguvu zile mzee yule alizitoa wapi. Baba akavuta pumzi. Akasimama. Akachukua fimbo yake, akaingia ndani kula.

Aliishi baada ya hapo, mwanangu, mavuno mengi. Alisalimiwa, alisalimu, aligombana na vijana waliokata njia wakapitia shambani, alisuluhisha kesi za mipaka, alikaa na jirani yule yule aliyecheka. Alipokufa, alikufa kwa uzee wake. Fundi mwingine aliitwa, akaja na kamba ya katani, akampima baba, na safari hiyo baba alikuwa amenyooka. Jeneza lilikuwa la saiprasi toka mashine ya mbao, bado mbichi, linanukia. Shangazi alilitazama akasema, "Kaka angelirudisha hili." Tukacheka katikati ya matanga, watu wakatushangaa. Kamba niliiweka mimi, chini ya miguu yake.

Uliwahi kuniuliza kwa nini kiti kile sikileti huku Voi, nikakujibu kwamba hakisafiri. Sasa umejua. Huku chini kuna uwanda. Nikikikalia hapa kitanilaza chali niangalie mbingu kabla ya wakati wangu. Kimechongewa mteremko wa Mgange na mtu wa Mgange, na kipo pale pale. Mwana wa kaka yangu anakikalia akivua viatu vya shambani.

Nasaha yangu ndiyo hii, na ishike. Kabla hujamtengenezea mtu kitu, kaa naye. Usimwambie anyooke, mtu mzima si ubao. Tazama anapoinukia mwenyewe, tazama kikombe chake anaweka wapi, sikiliza anauliza nini miguu ikipita, na hapo utapata vipimo ambavyo tepu haina. Kile kiti cha kwenye simu yako ni kizuri, mwanangu, lakini kimelala mno na kiko chini mno. Nikiingia humo mtanitoa kwa winchi.

Na la pili, ambalo nalijua kuliko la kwanza. Sisi ni hodari wa kuchangia matanga. Mzee akishafumba macho ndipo tunakumbuka hema, viti vya kukodi, nyama na nguo mpya. Mbao nzuri zilizoko darini ziteremsheni mtu angali anapumua, akalie, awekee kikombe, zichafuliwe na oili na kusuguliwa na mikono yake. Kaburini hata saiprasi mbichi inatosha. Baba yangu alilijua hilo siku aliposema "Panda darini," naye ndiye aliyekuwa fundi wa yote mawili, viti na majeneza.

Mungu akubariki, mwanangu. Mikono yako isikose kazi wala kazi yako isikose mtu wa kuifurahia. Mti uutakao uukute umekauka, na msumeno wako uende bila kulazimishwa. Ukizeeka, Mungu akupe wa kukutoa nje, na wa kumkamata sketi yule atakayetaka kukuinua kabla hujajaribu mwenyewe.

Jumapili njoo. Tepu iache nyumbani. Mimi nitakaa kwenye ndoo yangu, nawe utakaa kwenye hatua ya mlango, na chai nitaweka.